Karatasi ya Kutia Sahihi: Majaribio ya Dawa za Saratani ya Damu

Hivi karibuni mama mmoja alitujia baada ya Misa ya pili akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na karatasi saba zilizobanwa pamoja. Mwanawe wa miaka minane alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa, na vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba ana saratani ya damu. Daktari alimweleza kuwa hospitali inashiriki katika majaribio ya kulinganisha njia mbili za kutoa dawa za ugonjwa huo. Akampa zile karatasi akazisome nyumbani pamoja na mumewe, na kama wataridhika watie sahihi. Mama yule alifika ukurasa wa pili akakwama. Akatuuliza swali moja tu: "Hivi hawa wanataka kumfanya mwanangu panya wa maabara?"

Swali hilo si la kuchekwa. Mzazi ye yote mwenye akili timamu angeliuliza. Tena tunajua kwamba si yeye peke yake anayejiuliza, maana siku hizi majaribio ya dawa hufanyika hata katika nchi zetu, na wengi hupewa karatasi za namna hii wakati wakiwa na huzuni na usingizi wa siku nyingi. Kwa hiyo tumeona tulijibu hapa kwa kirefu.

UGONJWA WENYEWE

Ndani ya mifupa yetu kuna uboho, kitu laini ambacho wapenda supu ya mifupa wanakifahamu vizuri. Uboho ndio kiwanda cha damu. Hapo hutengenezwa chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda mtu anapojikata. Katika saratani ya damu, ambayo waganga huiita lukemia, chembe nyeupe changa huanza kuongezeka bila utaratibu. Hazikomai, hazifanyi kazi ya uaskari, na hazifi wakati wake unapofika. Zinajaa kiwandani mpaka chembe nyingine zinakosa nafasi.

Matokeo yake ni rahisi kuyaelewa. Chembe nyekundu zikipungua mtoto hupauka viganja na midomo, huchoka, hataki kucheza. Askari wa kweli wakipungua homa humrudia mara kwa mara. Chembe sahani zikipungua hutoka damu puani au kwenye fizi, na madoa ya vilio vya damu huonekana mwilini bila kupigwa. Wengine hulia mifupa inauma usiku. Tatizo ni kwamba dalili hizi zinafanana na malaria na upungufu wa damu wa kawaida, hivyo mtoto anaweza kutibiwa malaria mara mbili tatu kabla mtu hajafikiria jambo lingine. Homa isiyosikia dawa, ikifuatana na kupauka na kutokwa damu, isingojewe. Mpelekeni mtoto apimwe damu kwa ukamilifu, hesabu ya chembe zote.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na kurogwa, wala na chakula alichopikwa na jirani. Ziko aina kadhaa. Zipo zinazokuja kwa ghafla na kwa ukali, na ya kawaida zaidi kwa watoto ni mojawapo ya hizo. Nyingine huja polepole, na mara nyingi huwapata watu wazima. Tofauti hii tuikumbuke maana tutairudia.

ZAMANI HAPAKUWA NA DAWA

Mpaka mwaka 1947 mtoto aliyepatwa na lukemia kali hakuwa na tumaini. Alikufa baada ya majuma au miezi michache, na daktari hakuwa na la kufanya ila kumwongezea damu na kumtuliza maumivu. Mwaka huo huko Boston, Marekani, daktari aitwaye Sidney Farber alianza kuwapa watoto waliokuwa wagonjwa sana dawa mpya, aminopterini, inayozuia kazi ya foliki mwilini. Foliki ni vitamini ambayo chembe zinaihitaji ili ziweze kugawanyika. Katika makala yake ya mwezi Juni 1948 alieleza kwamba kati ya watoto 16 waliopewa dawa hiyo, 10 walipata nafuu ya wazi. Lakini nafuu hiyo haikudumu. Ugonjwa ulirudi na watoto wakafa. Hata hivyo kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba dawa inaweza kuusukuma ugonjwa huu nyuma.

Baada ya hapo dawa zikaongezeka moja moja. Mojawapo inatuhusu kwa namna ya pekee. Wengi wetu tunalo uani, au tumeliona makaburini, lile ua dogo la waridi au jeupe lenye petali tano, ambalo asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakilitumia kwa ugonjwa wa kisukari. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kanada waliwapa panya dawa iliyotokana na majani yake ili kupima sukari. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Kutokana na mmea huo huo ikapatikana vinkristini, dawa ambayo mpaka leo karibu kila mtoto mwenye aina ya kawaida ya lukemia kali hupewa. (Tunawaomba sana mtu asichemshe majani hayo na kuyanywa. Ni sumu, na dawa ya hospitali hupimwa kwa kiasi kidogo sana.)

Katika miaka ya 1960 madaktari walianza kuchanganya dawa kadhaa kwa pamoja badala ya kutoa moja, na baada ya hiyo kuchoka nyingine. Katika hospitali ya watoto ya St. Jude, mjini Memphis, iliyofunguliwa mwaka 1962, Donald Pinkel na wenzake walifanya majaribio moja baada ya lingine, wakibadilisha hiki na kile. Kufikia majaribio yaliyofanywa mwishoni mwa miaka hiyo, karibu nusu ya watoto walipona kabisa. Leo, katika nchi tajiri, karibu tisa kati ya kila watoto kumi wenye aina ile ya kawaida hupona.

Wakati huo huo mambo yalikuwa yakitendeka hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Uganda. Ni saratani ya chembe za aina ile ile ya askari wa mwili, yaani ni ndugu wa lukemia. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo cha kutibu saratani hiyo, na majaribio ya dawa yaliyofanywa hapo chini ya John Ziegler na wenzake yalionyesha kwamba watoto wengi wanaweza kuponywa kwa dawa. Mwaka 1972 tuzo ya Lasker, ambayo ni heshima kubwa kwa waganga, ilitolewa kwa pamoja kwa watu kadhaa, na miongoni mwao walikuwemo Pinkel wa Memphis pamoja na Burkitt na Ziegler wa Kampala. Wazazi wa Uganda waliowaleta watoto wao hawakupewa tuzo yo yote, lakini bila wao pasingekuwa na kitu cha kuandika.

Hapo ndipo penye jibu letu la kwanza kwa mama yule. Dawa ambazo mwanawe anapewa leo, hata kama asingeingia katika majaribio yo yote, zinajulikana kwa sababu watoto wengine waliingia kabla yake. Hilo peke yake halimlazimishi kukubali. Hakuna mtu anayedaiwa sahihi. Lakini ni vizuri kujua dawa zimetoka wapi.

DAWA MPYA HUPITA MILANGO GANI?

Wengi hudhani kwamba majaribio ni kitu kimoja. Sivyo. Dawa hupita kwanza maabarani na kwa wanyama, kisha kwa binadamu kwa hatua, na mgonjwa anayeombwa kushiriki lazima ajue yuko kwenye hatua ipi. Tuchukue mfano wa dawa moja ambayo safari yake inajulikana vizuri, yaani imatinibu, inayouzwa kwa jina la Glivec. Hii ni dawa ya lukemia ya polepole inayowapata zaidi watu wazima.

Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, wataalamu wawili, Peter Nowell na David Hungerford, waligundua kwamba chembe za wagonjwa wa aina hii zina kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Kromosomu ni nyuzi ndogo ndani ya chembe zinazobeba urithi wetu. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha sababu yake: vipande vya kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, vimebadilishana mahali. Baadaye ikajulikana kwamba badiliko hilo huzaa kimeng'enya kibaya kinachoiamuru chembe igawanyike bila kukoma. Ni kama swichi ya mashine iliyokwama. Basi wataalamu wa kiwanda kimoja cha dawa huko Uswisi, akiwemo Nicholas Lydon, wakatengeneza kitu cha kuingia katika swichi hiyo na kuizima, na daktari Brian Druker wa Oregon, Marekani, akashikilia kwamba kijaribiwe kwa wagonjwa.

Hatua ya kwanza ilianza Juni 1998. Katika hatua ya kwanza swali kuu huwa si "inaponya?" bali "mwili unaweza kubeba kiasi gani?" Wagonjwa huwa wachache, na kwa kawaida ni wale ambao dawa zilizopo zimeshindwa kuwasaidia. Walianza na miligramu 25 kwa siku, wakapanda kidogo kidogo hadi 1,000, wakichunguza madhara kila hatua. Walikuwa wagonjwa 83. Jambo lisilo la kawaida likatokea: kati ya 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi, damu ya 53 ilirudi katika hesabu ya kawaida. Tunasema si la kawaida kwa sababu katika hatua ya kwanza wagonjwa wengi hawapati faida kubwa, na daktari mwaminifu atawaambia hivyo waziwazi. Habari zilienea, na mwaka 1999 wagonjwa walikusanya sahihi kwa maelfu wakikitaka kiwanda kiongeze dawa ili wengi zaidi waingie katika majaribio. Hao hawakuogopa kuwa panya wa maabara. Walikuwa wakigonga mlango.

Hatua ya pili huuliza kama dawa kweli inafanya kazi kwa ugonjwa fulani, na wagonjwa huwa wengi zaidi. Hapa tusikae.

Hatua ya tatu ndiyo inayowasumbua watu, maana ndani yake kuna kura. Kati ya mwaka 2000 na mwanzoni mwa 2001 wagonjwa 1,106 katika nchi 16 waligawanywa makundi mawili sawa. Kundi moja lilipewa imatinibu. Kundi la pili lilipewa dawa bora iliyokuwepo wakati huo, interferoni pamoja na dawa nyingine. Si daktari aliyechagua nani apewe nini, wala mgonjwa. Baada ya miezi 18, katika kundi la imatinibu watu 76 kati ya kila 100 hawakuonekana tena na ile kromosomu mbaya katika uboho wao. Katika kundi la pili walikuwa 14 au 15 tu. Utaratibu uliruhusu ambao dawa ya zamani haikuwafaa au iliwashinda wahamie kwenye ile mpya, na karibu theluthi mbili walihamia. Baada ya miaka kumi ilikadiriwa kwamba wagonjwa 83 kati ya 100 walioanza na imatinibu walikuwa hai. Zamani ugonjwa huo uliua wengi katika muda wa miaka michache.

KWA NINI WAPIGE KURA?

"Kama daktari anajua dawa mpya ni nzuri, kwa nini asimpe kila mtu?" Jibu ni kwamba hajui. Anatumaini. Na tumaini la daktari linaweza kumdanganya bila yeye kujua. Akiachiwa achague, atawapa dawa mpya wale wenye nguvu kidogo, wanaoishi karibu, wanaorudi kliniki bila kukosa. Hao wangeendelea vizuri hata kwa dawa ya zamani. Mwishoni angesifu dawa kwa kazi isiyoifanya. Kura, ambayo siku hizi hupigwa kwa kompyuta, huondoa upendeleo huo.

Kama mtu anadhani haya ni maneno matupu, asikie habari ya Mylotarg. Ilikuwa dawa mpya ya lukemia kali ya watu wazima, iliyopewa kibali cha haraka Marekani mwezi Mei 2000 baada ya kuonekana kuwasaidia baadhi ya wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia. Wagonjwa 142 walikuwa wamejaribiwa, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kisha yakafanywa majaribio makubwa yenye kura, dawa hiyo ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida. Haikuonekana faida, na waliokufa katika majuma ya mwanzo walikuwa wengi zaidi upande wa Mylotarg. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni. Je, ilikuwa sumu tu? Hapana. Madaktari wa Ufaransa walijaribu kuitoa kwa vipimo vidogo vilivyogawanywa kwa siku kadhaa, nayo ikafaa, na mwaka 2017 ikarudi Marekani ikiwa na maelekezo mapya. Dawa ile ile iliua na ikasaidia, tofauti ikiwa ni kipimo, na bila majaribio yenye kura hakuna ambaye angeligundua hilo.

Wengine huogopa kwamba kura ikiwaangukia vibaya watapewa vidonge vya unga mtupu. Katika saratani ya damu, pale ambapo matibabu yanayofaa yapo, hairuhusiwi kumwacha mgonjwa bila matibabu hayo. Dawa mpya hulinganishwa na ile bora iliyopo, au huongezwa juu yake. Vidonge visivyo na dawa vikitumika, hutolewa pamoja na matibabu ya kawaida, na karatasi lazima iseme hivyo.

Tuongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Si kila jaribio ni la kuongeza dawa kali zaidi. Mengine ni ya kupunguza. Kwa miaka mingi watoto wenye lukemia walipigwa mionzi kichwani ili chembe za saratani zisijifiche kwenye ubongo. Wengi walipona, lakini baadhi walibaki na shida ya kujifunza shuleni na ya kukua. Kati ya mwaka 2000 na 2007 hospitali ile ya Memphis iliwatibu watoto 498 bila mionzi hiyo kabisa, badala yake ikitumia dawa zinazofuatiliwa kwa uangalifu. Baada ya miaka mitano zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa hai. Kwa hiyo mtoto anayetibiwa leo bila kupigwa mionzi kichwani amefaidika na wenzake wale. Tulipoisoma vizuri karatasi ya mama yule tuliona kwamba majaribio ya mwanawe yalikuwa ya aina hii: dawa zilikuwa zile zile zinazojulikana, na kilichokuwa kikiulizwa ni kama inawezekana kutoa moja wapo kwa kiasi kidogo zaidi bila ugonjwa kurudi.

HOFU INA SABABU ZAKE

Hatutaki kuwaficha kwamba watu waliwahi kudhulumiwa kwa jina la utafiti. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa tu jinsi ugonjwa unavyowala, bila kuambiwa ukweli, hata baada ya penisilini kupatikana. Mambo hayo yaliendelea mpaka 1972, gazeti lilipoyafichua. Huko Ujerumani wakati wa vita madaktari walifanya ukatili kwa wafungwa, na hukumu yao ya mwaka 1947 huko Nuremberg ndiyo iliyoandika kanuni kwamba hakuna jaribio bila ridhaa ya hiari ya mtu mwenyewe. Mwaka 1964 chama cha madaktari wa dunia kilitoa Tamko la Helsinki, ambalo limerekebishwa mara kadhaa tangu hapo.

Kwa sababu hiyo kila jaribio lazima lipitiwe na kamati ya maadili, yaani watu wasio wa kundi la watafiti, ambao husoma mpango wote na wanaweza kuukataa. Tanzania kibali hutolewa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na dawa zenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kenya, pamoja na kamati za maadili, ipo Bodi ya Famasia na Sumu. Karatasi ya ridhaa inapaswa kuonyesha namba ya kibali na simu ya kamati, si ya daktari peke yake. Msione aibu kupiga.

MUULIZE NINI

Ulizeni kwanza: mwanetu akikataa kuingia, atatibiwa vipi? Daktari akishindwa kueleza matibabu ya kawaida, msitie sahihi siku hiyo. Ulizeni hili ni jaribio la hatua gani, na wangapi wameshapewa dawa hii kabla yake. Ulizeni madhara, yale ya leo kama kutapika na nywele kukatika, na yale yanayoweza kuja baada ya miaka. Ulizeni ni mara ngapi atachomwa sindano ya uboho zaidi ya wagonjwa wengine, na damu inayochukuliwa itapelekwa wapi na kuhifadhiwa muda gani. Akiumia kwa sababu ya jaribio, nani atagharamia matibabu? Na akipata homa usiku wa manane, apigiwe nani simu? Swali hili la mwisho linaonekana dogo, lakini kwa mtoto ambaye dawa zimempunguzia askari wa mwili, homa ya usiku mmoja inaweza kuua.

Mgonjwa hauziwi dawa inayojaribiwa. Mtu akiwaambia ana dawa mpya ya saratani "iliyo kwenye majaribio" na akataja bei, ondokeni. Kurudishiwa nauli, kwa upande mwingine, si rushwa. Watoto wengi wa kwetu hawafi kwa kukosa dawa peke yake. Hufa kwa sababu nauli iliisha, mzazi akaona mtoto amenenepa na anacheza, akadhani amepona, akaacha. Matibabu ya aina ya kawaida ya lukemia kali ya watoto huchukua miaka miwili mpaka mitatu, na yakikatizwa ugonjwa hurudi ukiwa mkaidi zaidi.

Mnayo haki ya kutoka katika majaribio siku yo yote, bila kutoa sababu, na bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Ila msitoke kimya kimya. Mwambieni daktari, maana dawa nyingine haziachwi ghafla. Na mtoto mwenyewe asisahauliwe. Wa miaka minane hawezi kutia sahihi, lakini anaweza kuelezwa kwa maneno yake na kuulizwa kama anakubali. Tumeona watoto wanaovumilia sindano vizuri zaidi kuliko baba zao, mradi tu wasidanganywe.

Swali ambalo watu husahau ni hili: jaribio likiisha na dawa ikaonekana nzuri, tutaipata? Glivec ilipopewa kibali mwaka 2001 bei yake ilikuwa juu mno kwa mtu wa kawaida, hata wa Ulaya. Mwaka 2002 mwenye kiwanda alianzisha pamoja na shirika la Max Foundation mpango wa kuwapa bure wagonjwa wasio na uwezo, nao ukafika Kenya na Tanzania pia. Wapo waliorudi kulima na kufundisha kwa ajili ya mpango huo. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India ilikataa kukipa kiwanda hicho hati miliki iliyoombwa, na dawa za bei nafuu kutoka India zikaendelea kutengenezwa. Kwa maoni yetu, msaada ni jambo jema, lakini mgonjwa anayemeza kidonge kila siku ya maisha yake hapaswi kutegemea huruma ya mtu mmoja. Jambo hili linafaa kuulizwa kabla ya majaribio kuanza, nalo Tamko la Helsinki linalitaja.

Mama yule alirudi juma lililofuata, safari hii na mumewe. Walikuwa wameandika maswali tisa kwenye karatasi ya daftari. Daktari aliyajibu yote, moja akasema atauliza kwa wakubwa wake kwanza, na jambo hilo lilimpendeza baba kuliko majibu mengine. Kama walitia sahihi au hawakutia ni siri yao na hatuiandiki hapa.

Walituambia jambo moja zaidi. Katika siku zote hizo, kitu walichopata kwa shida kuliko dawa ni damu ya kumwongezea mtoto. Ndugu walipungua, na wengi waliogopa sindano. Mwezi ujao, basi, ukurasa huu utaeleza nani anaweza kutoa damu, mara ngapi kwa mwaka, na inakwenda wapi ikishatolewa.